Mtakatifu Yeronimo na Maktaba Aliyoshindwa Kuiacha

Kila tarehe 30 Septemba Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Yeronimo, Padre na Mwalimu wa Kanisa. Wengi tunamfahamu kama mfasiri wa Biblia ya Kilatini iitwayo Vulgata. Leo tunapenda kumtazama katika udhaifu ambao yeye mwenyewe hakuuficha: hakuweza kuachana na vitabu.

Alizaliwa Stridon, mpakani mwa Dalmatia na Pannonia, yapata mwaka 347, katika familia yenye uwezo. Akiwa kijana alipelekwa Roma kusoma kwa Donato, mwalimu mashuhuri wa sarufi, na huko akajikusanyia maktaba yake ya kwanza. Tukumbuke kwamba wakati huo kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono, na asiyeweza kumlipa mnakili alishika kalamu mwenyewe. Yeronimo aliishika. Alipokaa Trier alimnakilia rafiki yake Rufino vitabu viwili vya Mtakatifu Hilari wa Poitiers, kimojawapo kikiwa kirefu sana.

Kisha akaitikia wito wa maisha ya kimonaki, akasafiri kwenda Mashariki. Aliacha nyumba, wazazi, dada na, jambo alilokiri kuwa gumu zaidi, mazoea ya chakula kizuri. Maktaba hakuiacha. Akawa anafunga, kisha anamsoma Cicero; anakesha akizililia dhambi zake, kisha anachukua michezo ya kuchekesha ya Plauto. Alipowarudia manabii, lugha yao ilimkwaruza masikio, akaidharau. Katikati ya Kwaresima akashikwa na homa kali, hata watu wakaanza kuandaa maziko yake. Ndipo alipojiona amefikishwa mbele ya kiti cha hukumu. Alipoulizwa yeye ni nani, alijibu kuwa ni Mkristo. Akaambiwa kuwa anasema uongo, kwani yeye ni mfuasi wa Cicero. Akachapwa mijeledi, akaapa kutokuwa tena na vitabu vya kidunia wala kuvisoma.

Wasimulizi wengi hukomea hapo, kana kwamba tangu siku ile Yeronimo alipunguza kusoma. Sivyo hata kidogo. Katika jangwa la Kalkis, huko Siria, alikuwa na vijana waliomnakilia vitabu, na barua zake kwa marafiki zimejaa maombi ya kuazimwa vingine. Mzee mmoja wa Concordia aliyetimiza miaka 100 aliombwa vitabu kadhaa, na kwa shukrani akapelekewa maisha ya Mtakatifu Paulo Mkaapweke, kazi ya Yeronimo mwenyewe. Huko huko jangwani, aliposumbuliwa na mawazo ya tamaa, alijitafutia dawa ya ajabu: akawa mwanafunzi wa Myahudi aliyeongokea Ukristo, ajifunze Kiebrania, lugha iliyomtesa koo na kumkatisha tamaa mara nyingi. Aliacha, akaanza tena. Bila mateso hayo ya mwanafunzi mtu mzima, tafsiri yake ya Agano la Kale isingekuwapo.

Mwaka 382 alifika Roma, akawa katibu wa Papa Damaso I, aliyemkabidhi kazi ya kusahihisha Injili za Kilatini. Papa alipofariki mwaka 384, maadui wa Yeronimo, nao hawakuwa haba kwa sababu ya ulimi wake mkali, walimfanya aondoke. Mwaka 386 alikaa Bethlehemu pamoja na Mtakatifu Paula, mjane tajiri wa Roma aliyetumia mali yake kujenga monasteri. Vitabu vikazidi. Alikiri kwamba maandishi ya Origene yalimaliza fedha zake. Alipopata vitabu 25 vya ufafanuzi wa manabii kumi na wawili, vilivyonakiliwa kwa mkono wa mfiadini Pamfilo, alifurahi kama mtu aliyerithi utajiri wa mfalme Kroiso. Hao ndio manabii aliowahi kuwadharau.

Baadaye Rufino, wakiwa wamefarakana kwa ajili ya Origene, alimshtaki hadharani kwamba amevunja kiapo: huko Bethlehemu anawafundisha watoto mashairi ya Virgili, na wamonaki wananakili vitabu vya Cicero. Yeronimo akajibu kwamba ndoto ni ndoto, na kwamba mtu hawezi kuyafuta akilini aliyojifunza utotoni. Kwa maoni yetu jibu hilo lina hasira nyingi na unyenyekevu kidogo, ingawa hoja yake ya pili ni ya kweli: Kilatini kizuri cha Vulgata kilitoka pia kwa waalimu wale wa kipagani.

Paula alifariki mwaka 404. Macho ya Yeronimo yakadhoofika. Usiku, kwa mwanga wa taa, herufi ndogo za Kiebrania hazikusomeka tena, na vitabu vya Kigiriki alisomewa na ndugu zake wamonaki. Mwaka 416 wavamizi walizichoma moto monasteri za Bethlehemu, naye akanusurika. Aliendelea kuwafafanua manabii. Kifo kilipomfikia, mwaka 420 kadiri ya mapokeo, ufafanuzi wake wa Yeremia ulikuwa umefika sura ya 32.