Bwana Misitu Aliyekuwa Gavana

Gifford Pinchot alizaliwa Marekani mwaka 1865 katika jamaa ya kitajiri. Babu yake alikuwa amepata mali kwa kukata miti na kuuza mbao, akaiacha milima tupu. Baba yake aliuona uharibifu huo, akamshauri asomee misitu. Chuo cha kazi hiyo hakikuwako kwao, kwa hiyo mwaka 1889, alipomaliza masomo ya Yale, alikwenda Nancy, Ufaransa. Huko alijifunza kwamba msitu ni kama shamba: ukikatwa kwa kiasi na miche ikitunzwa, watu watavuna siku zote.

Mwaka 1898 akawa mkuu wa misitu ya serikali ya Marekani. Yeye na Rais Theodore Roosevelt waliiongeza misitu hiyo hata ikafika eka milioni 172 hivi mwaka 1910. Wenye makampuni na makundi makubwa ya ng'ombe walimchukia, maana sasa iliwapasa kuomba ruhusa na kulipa ada. Mwaka huo huo wa 1910 alimlaumu waziri mmoja hadharani kwa ajili ya ardhi ya makaa ya mawe huko Alaska. Rais Taft akamfukuza kazi.

Basi Pinchot akaingia katika siasa. Ingawa chama chake kilikuwa Republican, mawazo yake yalielekea kushoto, na wakulima walimpenda. Alikuwa gavana wa Pennsylvania tangu 1923 hata 1927, na tena 1931 hata 1935. Wakati huo makampuni ya umeme hayakutaka kupeleka nyaya mashambani, kwa kuwa faida ilikuwa ndogo. Pinchot alileta mpango wa umeme kwa wote, lakini baraza la jimbo liliukataa. Katika kipindi chake cha pili, jimbo lilichukua maili 20,000 za barabara za vijijini, na wasio na kazi wakaajiriwa kuzitengeneza.

Mara tatu aliwania Seneti akashindwa. Lakini mwaka 1935 serikali ya Marekani ilipoanzisha idara ya umeme wa mashambani, aliyewekwa kuiongoza alikuwa Morris Cooke, yule yule aliyemtengenezea Pinchot mpango uliokataliwa.

Pinchot alifariki mwaka 1946. Bwana misitu huotesha mti akijua kwamba wengine ndio watakaoukata. Wenzangu, tusione haya kuanza kazi ambayo hatutaimaliza.