Habari za Bwana Alexander Mackay, Fundi na Mwalimu

Huku kwetu pwani, tangu Mtwara hata Kitaya kandokando ya mto Ruvuma, kuna neno ambalo husikiwa mara nyingi katika nyumba za Wakristo. Watu husema kwamba mtoto mwenye akili apewe kitabu, na yule mzito apewe nyundo. Neno hili si jema. Wanaolisema hudhani ya kuwa kazi ya mikono ni daraja ya chini, na kwamba Mungu hutumikiwa kwa kinywa tu. Basi kwa ajili ya neno hili twataka kuwakumbusha habari za mtu mmoja aliyekufa zamani katika nchi yetu hii, karibu na ziwa kubwa la Nyanza. Hakuwekewa mikono ya upadre wala uchungaji. Alikuwa fundi, na kwa ufundi wake alimtumikia Mungu hata kufa.

Bwana Alexander Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, nchi ya Uskochi. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la kijiji kile, naye alimfundisha mwanawe mwenyewe nyumbani, hata kijana akafikia miaka kumi na minne. Alipokuwa mtoto wa miaka mitatu tu aliweza kusoma Agano Jipya. Baba na mwana walipotembea pamoja njiani, baba alisimama, akachora mavumbini kwa fimbo yake, ili amwonyeshe mtoto hesabu za maumbo na njia za nyota. Lakini mtoto alipenda zaidi kwenda kwa mhunzi, na kutazama mitambo ya watu, na kujaribu kupiga chapa kwa mtambo mdogo. Baba hakumkataza. Hili ni jambo la kwanza la kuangalia katika habari hizi: mzazi mwenye elimu nyingi hakuona haya mwanawe kushika vyombo vya kazi.

Mwaka 1865 mama yake alifariki. Kabla ya kufa aliagiza kwamba Biblia yake apewe Alexander, naye aichunguze sana. Kijana hakuwapo nyumbani siku ile, lakini agizo lile la mama alilishika maisha yake yote. Baadaye akaenda Edinburgh, akajifunza kazi ya ualimu, kisha akajifunza elimu ya mitambo. Mwaka 1873 akasafiri mpaka Berlin katika nchi ya Wajerumani, akapata kazi ya kuchora na kutengeneza mitambo. Huko alikaa katika nyumba ya mhubiri mmoja, Bwana Baur, naye akakua katika imani pamoja na jamaa ile. Kazi yake ilimpa mshahara mzuri na sifa mbele ya wakubwa wake. Lakini moyoni mwake aliwaza kwamba ufundi aliopewa na Mungu usiishie katika kuwatajirisha watu waliokwisha kuwa matajiri.

Ninyi mwajua ya kuwa mwaka 1866 Dakta Livingstone alishuka Mikindani, akaufuata mto wetu Ruvuma kwenda bara, na kwamba alikufa mwaka 1873. Miaka miwili baada ya kufa kwake, Bwana Stanley alifika Buganda kwa mfalme Mutesa, akaandika barua katika gazeti la Uingereza kuwataka Wakristo wapeleke walimu huko. Alisema kwamba watu wa nchi ile wangemfaidi zaidi mwalimu anayejua kazi za mikono, anayeweza kujenga, kulima na kuponya, pamoja na kufundisha dini. Siku zile Wakristo wa Ulaya walizoea kumtuma mhubiri au tabibu. Kumtuma fundi wa mitambo lilikuwa jambo geni. Mackay akajitoa kwa chama cha Church Missionary Society, akakubaliwa. Aliondoka Uingereza tarehe 27 Aprili 1876, yeye na wenzake, jumla yao wanane. Yeye alikuwa mdogo wao. Katika mkutano wa kuagana aliwaambia wakubwa wa chama ya kwamba labda kabla ya miezi sita watasikia kwamba mmoja wao amekufa. Akawaomba wasivunjike moyo, bali wampeleke mwingine mara moja mahali pake.

Ikawa vivyo. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Bwana James Robertson, fundi wa kujenga, alikufa Unguja. Mwaka uliofuata Dakta Smith alikufa kusini ya ziwa, na mwezi wa Desemba 1877 Bwana Shergold Smith na Bwana O'Neill wakauawa Ukerewe. Hata kabla ya miaka miwili kwisha, wanne katika wale wanane walikuwa wamekufa.

Mackay mwenyewe aliugua sana, akarudishwa pwani. Lakini hakukaa bure. Mwaka 1877 alikata njia kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, mwendo wa maili 230, ili magari ya ng'ombe yapite. Alikata miti pamoja na vibarua wake, akajenga madaraja juu ya vijito, akavuka matope na misitu ya miiba. Alipofika ziwani aliikuta mashua ya misioni imeharibika vibaya, mbao zimekauka na kupasuka, na nyingine zimeliwa na wadudu. Akaikata, akatwaa mbao za sehemu moja ili atie viraka sehemu nyingine. Mashua ikawa fupi kuliko kwanza, lakini ikavuka ziwa. Mwezi wa Novemba 1878 akafika Buganda.

Huko akajenga karakana yake huko Natete. Palikuwa na tanuru na fuawe, chombo cha kukerezea, jiwe la kunolea, na mtambo wa kupiga chapa. Kwa kuwa herufi za chapa hazikutosha, alichonga nyingine kwa mikono yake, akapiga karatasi za kusomea, wanafunzi wakazigombea. Alichimba kisima, akatia bomba, na watu walipoona maji yakipanda juu wakastaajabu, hata wengine wakadhani kwamba pepo yu ndani yake. Mackay aliwakataza. Aliwaeleza ya kwamba hapana uganga, bali ni maarifa tu, na kila mtu anayekubali kujifunza aweza kuyapata. Katika jambo hili aliwazidi mafundi wengi wanaoficha kazi yao ili wasifiwe peke yao. Vijana walioketi kwake walijifunza kusoma, kufua chuma, kuchonga mbao na kupiga chapa, yote katika nyumba moja.

Katika baraza ya mfalme alisoma Maandiko siku ya Jumapili kwa Kiswahili, maana wakubwa wengi walikijua Kiswahili, na vitabu vya Askofu Steere vilikuwa vimekwisha kupigwa chapa Unguja. Halafu akajifunza Kiganda, akaanza kuitafsiri Injili ya Mathayo. Mwaka 1882, mama yake mfalme alipokufa, Mutesa alimtaka atengeneze majeneza ya maziko. Alitumia karibu mwezi mzima kwa kazi ile: jeneza la mbao, na jeneza la shaba, na la tatu kubwa kama nyumba. Kazi hiyo ilimchosha, wala haikuwa kazi aliyoijia. Lakini aliifanya kwa uaminifu, kwa kuwa watu walikuwa katika msiba. Mwaka huo huo, tarehe 18 Machi, vijana watano wa kwanza wakabatizwa na misioni ile huko Buganda. Mmoja wao, Sembera, alichagua kuitwa kwa jina la Mackay.

Hatusemi kwamba alikuwa hana kosa. Alikuwa mwepesi wa maneno makali, na mabishano yake na mapadre wa Kikatoliki mbele ya mfalme yaliwatatiza wasikiaji. Twayataja haya ili tusimfanye malaika, maana Mungu huwatumia watu.

Mutesa alikufa mwezi wa Oktoba 1884, akamrithi mwanawe Mwanga. Hapo taabu ikaja. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misioni, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, walikatwa mikono, wakachomwa moto. Lugalama alikuwa mtoto tu, aliyelelewa katika nyumba ya misioni. Mackay na mwenziwe Bwana Ashe walikwenda mbio kuwaombea, lakini hawakusikilizwa. Mackay hakuoa, wala hakuwa na watoto wa mwili wake. Wale waliokula mezani pake na kushika vyombo pamoja naye ndio waliokuwa jamaa yake. Basi mzazi aliyezika mtoto ataelewa alivyokuwa siku ile. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, Askofu Hannington aliuawa njiani, na mwaka 1886 Wakristo wengi sana waliuawa. Katika siku hizo Mackay hakuacha mtambo wake. Alipiga chapa barua ndogo ya kuwatia moyo waliojificha, nao wakaisoma kwa siri. Mwaka 1887 Injili ya Mathayo kwa Kiganda ikawa tayari.

Mwezi wa Julai mwaka huo akafukuzwa Buganda. Alivuka ziwa, akakaa Usambiro upande wa kusini, akaanza tena: nyumba, tanuru, chapa, na mashua ya mvuke aliyotaka kuiunda kwa ajili ya kazi ya Injili. Mwaka 1889 Bwana Stanley alipita pale, akakaribishwa kwa siku kadhaa, akamshauri arudi kwao apumzike, kwa maana alikuwa hajaiona nchi yake tangu mwaka 1876. Mackay akakataa, kwa sababu hakuwapo mtu wa kushika mahali pake. Mwezi wa Februari 1890 akashikwa na homa kali, na tarehe 8 akafariki, mwenye umri wa miaka arobaini. Mwenziwe Bwana Deekes, aliyekuwa naye, alitengenezesha jeneza kwa mbao zile zile ambazo marehemu alizikata kwa ajili ya mashua. Alizikwa kando ya Askofu Parker, na mwaka 1927 mifupa yake ikahamishwa mpaka Namirembe.

Sasa, ndugu zangu, tuyatafakari haya. Ile mashua hakuimaliza. Nyumba zake za Natete ziliharibika. Lakini vijana aliowafundisha waliendelea kusoma na kufundisha wengine alipokuwa mbali, na kanisa la Buganda halikuzimika. Mhunzi afuaye jembe lisilovunjika, seremala anayepima sawasawa, mshonaji asiyeiba kitambaa, na mchonga mtumbwi ambaye watu huvuka Ruvuma salama kwa kazi yake, wote hao wamewekwa na Mungu kuwahudumia jirani zao. Hivi ndivyo Martin Luther alivyotufundisha juu ya wito wa kila mtu, na Mtume Paulo mwenyewe alishona hema.

Kwa hiyo ninyi walimu wa dini, msiwatenge vijana wa kazi na vijana wa kitabu, bali mwafundishe yote mawili kama ilivyokuwa Natete. Nanyi mafundi wa ushirika, kila mmoja amchukue kijana mmoja, hasa yatima, amweke karibu na kazi yake, amfundishe bila kuficha, amfundishe na kusali. Na ninyi wazazi, mtoto akiomba nyundo msimwonee haya. Msimameni njiani kama baba yake Mackay, mmchoree mavumbini yale mnayoyajua. Mungu ndiye ajuaye atakachokijenga kwa mkono ule.