Alfred Stock, mwanakemia aliyeumizwa na zebaki na kuonya kuhusu meno yanayozibwa

Kwa karibu miaka 20, mwanakemia Mjerumani Alfred Stock aliumwa kichwa, alisikia kizunguzungu na kusahau mambo aliyoyasoma siku ile ile. Madaktari walimtibu pua bila mafanikio. Ni mwaka wa 1924 tu alipogundua kwamba sumu ilikuwa ndani ya chumba chake cha kazi.

Stock alizaliwa tarehe 16 Julai 1876 huko Danzig, mji ambao leo unaitwa Gdańsk, nchini Poland. Alisomea Berlin chini ya Emil Fischer, kisha akafanya kazi Paris kwa Henri Moissan. Baadaye alifundisha Breslau, Berlin na Karlsruhe.

Jina lake lilikua kwa sababu ya utafiti juu ya boroni. Michanganyiko ya boroni na haidrojeni huweza kuwaka moto ikikutana na hewa. Kwa hiyo Stock alitengeneza vyombo vya kioo vilivyofungwa kabisa, na akatumia zebaki kufungua na kufunga njia za gesi. Ni zebaki ile ile ambayo wachimbaji wa Kamituga na Mongbwalu wanaitumia kukamata chembe za dhahabu.

Matone yalianguka na kujificha katika nyufa za sakafu. Zebaki hugeuka mvuke hata bila moto, na mvuke huo hauonekani wala haunuki. Wasaidizi wake nao waliugua.

Mwaka wa 1926 Stock alitangaza hadharani ugonjwa wake ili kuonya wengine. Alikwenda mbali zaidi: alisema amalgama inayotumiwa kuziba meno, ambayo karibu nusu yake ni zebaki, nayo inatoa mvuke. Alieleza visa vya watu waliopata nafuu baada ya kuondolewa amalgama. Wataalamu wengi wa meno walimpinga, na mabishano hayo hayajaisha, ingawa Umoja wa Ulaya ulianza kuizuia amalgama tarehe 1 Januari 2025.

Stock alisafisha maabara yake, akapona polepole, kwa miezi na miaka. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuvuta zebaki mwilini. Ya kwanza, dimakaproli, ilitengenezwa na Waingereza wakati wa Vita ya Pili ya Dunia dhidi ya gesi yenye aseniki. Leo kuna pia DMSA, ambayo humezwa.

Lakini dawa hizo hazitaki haraka. Kutoboa amalgama ya zamani kwenyewe huongeza zebaki katika damu kwa muda mfupi, kabla haijaanza kushuka. Mwili nao hujisafisha: chanzo kikiisha, karibu nusu ya zebaki huondoka ndani ya miezi miwili hivi, hasa kupitia figo. Dimakaproli inaweza kuisukuma zebaki hadi kwenye ubongo, na dawa za aina hii huweza kuondoa pia madini ambayo mwili unayahitaji.

Ndiyo maana daktari hupima kwanza damu, mkojo na figo, kisha hutoa dawa kwa awamu, na mapumziko katikati. Watu wengi waliozibwa meno hawazihitaji kabisa. Anayejinunulia dawa na kumeza siku moja baada ya kutoka kwa daktari wa meno anajiweka hatarini.

Maisha ya Stock yana doa pia: alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi. Alistaafu mwaka wa 1936 kwa sababu ya afya, akafariki Aken tarehe 12 Agosti 1946, akiwa na miaka 70.

Kwa familia zetu zinazochoma dhahabu yenye zebaki jikoni, somo lake halijazeeka: kwanza ondoa chanzo, dawa ifuate baadaye, mikononi mwa daktari.