Mama Trowell na Majani ya Vitengeni

Nilimkumbuka marehemu Margaret Trowell siku moja huko Vitengeni, pasi ya makaa mkononi na watoto wamenizunguka. Nilikuwa nimezikwangua krayoni kwa kisu, nao watoto wakazipanga chenga zake juu ya karatasi. Nikafunika kwa karatasi ya pili na kupitisha pasi polepole. Nta ikayeyuka, rangi zikaingiliana, watoto wakapiga kelele za furaha.

Kitabu nilichokifuata kilitutaka tufanye majani ya vuli kwa rangi ya manjano, ya machungwa na nyekundu. Binti mmoja akachukua kijani, nami nikamkataza. Akaniuliza vipi majani ya vuli yawe yamekauka, ilhali vuli ndiyo mvua ya Oktoba hadi Desemba, mahindi na kunde zimechipua. Sikuwa na jibu. Wafasiri wetu wameupa jina la vuli ule msimu wa Ulaya wa majani kupukutika, lakini mtoto wa Vitengeni akisikia vuli huwaza jembe na matope.

Mama Trowell hangefanya kosa langu. Alizaliwa London mwaka 1904, akasomea uchoraji katika shule ya Slade, kisha ualimu kwa Marion Richardson. Bibi huyo hakuwawekea wanafunzi picha ya kunakili. Aliwafumbisha macho, akawasimulia jambo, halafu akawataka wachore kile walichokiona ndani ya vichwa vyao.

Mwaka 1929 Mama Trowell alifika Kenya pamoja na mumewe, Daktari Hugh Trowell, na mwaka 1935 wakahamia Uganda. Mwaka 1937 akaanza kufundisha kikundi kidogo cha wanafunzi nyumbani kwake Mulago, Kampala. Wako walioshangaa kwamba Waafrika wafundishwe sanaa badala ya kazi za mikono. Yeye aliendelea, na mwaka 1939 picha za wanafunzi wake zikaonyeshwa London. Darasa lile ndilo lililokua likawa shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Makerere, ambayo imepewa jina lake.

Hata somo likitoka katika Biblia, mwanafunzi aliweza kulichora kwa nyumba, migomba na watu wa kijijini kwake. Sam Ntiro wa Machame alichora maisha ya Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na mwaka 1961 akawa balozi wa Tanganyika mjini London. Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias, ndiye aliyetengeneza sanamu ya uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962. Elimo Njau naye alichora picha kubwa za ukutani katika kanisa la Murang'a.

Si wote waliomsifu. Wengine walisema kwamba kwa kuogopa kuwatia wanafunzi mambo ya Ulaya, aliwanyima mengi ambayo msanii yeyote angependa kuyajua. Nafikiri lawama hiyo ina haki yake. Alikuwa mtu wa enzi ya ukoloni, akiamua yeye ni nini kinachomfaa Mwafrika. Hata hivyo, aliondoka Uganda mwaka 1958 akiwa ameacha walimu na wasanii waliojisimamia, na alifariki mwaka 1985.

Basi nikakifunga kile kitabu. Nikawaambia watoto wafumbe macho, wakumbuke majani yanayoanguka hapa kwetu, na ni lini. Tulikuwa katikati ya kiangazi. Mmoja alitaka mbuyu mtupu, matawi tu, akaomba krayoni nyeusi zote. Wengine walikimbilia chini ya mkungu, ambao majani yake huwa mekundu kabla ya kudondoka, wakarudi na viganja vimejaa. Yule binti alitengeneza shamba la kijani kutoka pembe hadi pembe, mvua ikinyesha juu yake kwa buluu iliyoyeyuka ikachuruzika hadi nje ya karatasi.

Makaa yalituishia kabla watoto wote hawajapata zamu, ikabidi tukaombe mengine kwa jirani.