Maisha ya Dr. J. L. B. Smith, Mtafuta Samaki

James Leonard Brierley Smith alizaliwa mwaka wa 1897 katika mji wa Graaff-Reinet, Afrika Kusini. Tangu utoto wake alipenda sana kuvua kwa ndoana. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa askari huku kwetu Afrika Mashariki, akashikwa na malaria na kuhara, wala afya yake haikupata kuwa nzuri tena. Baada ya vita alisoma kemia, akapata digrii ya udaktari huko Cambridge mwaka 1922, kisha akafundisha kemia katika chuo cha Rhodes, Grahamstown. Elimu ya samaki hakufundishwa na mtu. Alijifunza mwenyewe siku za mapumziko.

Tarehe 22 Desemba, 1938, wavuvi wa meli walileta katika bandari ya East London samaki mkubwa wa rangi ya buluu, urefu wake kama mita moja na nusu, na mapezi yake yamekaa mfano wa miguu. Binti Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho ya mji ule, alimchora, akampelekea Dr. Smith picha. Dr. Smith akamtambua kuwa ni silikanti, samaki ambaye wataalamu wote walidhani ametoweka duniani tangu zaidi ya miaka milioni 60. Lakini alipofika kumwona, Februari 1939, matumbo yalikuwa yamekwisha tupwa. Basi ilimpasa kumtafuta wa pili.

Bahari ni pana, na mtu mmoja hawezi kuilinda yote. Kwa hiyo Dr. Smith alipiga chapa vikaratasi vyenye picha ya samaki yule, kwa Kiingereza, Kireno na Kifaransa, akiahidi zawadi ya pauni 100 na kuwaomba wavuvi wasimpasue. Kiswahili hakikuwamo, lakini picha haihitaji mkalimani. Yeye na mkewe Margaret, aliyekuwa mchoraji hodari wa samaki, walisafiri pwani yote ya Msumbiji mpaka Cabo Delgado, ng'ambo ya mto wetu Ruvuma, na Unguja pia. Huko Unguja walimpa vikaratasi Kapteni Eric Hunt, nahodha mfanya biashara, naye akavipeleka Visiwa vya Komoro.

Miaka 14 ilipita. Desemba 1952, mvuvi Ahamadi Abdallah wa kisiwa cha Nzwani, ambacho Wafaransa hukiita Anjouan, alivua samaki mkubwa usiku, akampeleka sokoni Domoni. Kidogo tu angekatwa vipande vya kitoweo. Mwalimu wa shule, Affane Mohamed, alimwona, akakumbuka ile picha, akamzuia mvuvi. Watu wakamchukua samaki kwa taabu kuvuka milima hadi kwa Kapteni Hunt, naye akampaka chumvi, akapiga simu ya upepo. Dr. Smith akaja kwa ndege ya jeshi, na alipomwona aliangua kilio. Wavuvi wa Komoro walistaajabu, kwani wao walimjua siku nyingi kwa jina la gombessa.

Dr. Smith alifariki mwaka 1968. Mwaka 2003 silikanti alivuliwa Songo Mnara, Kilwa, na baadaye wengi wakapatikana Tanga.

Wenzangu, twaweza kujifunza mambo mawili. La kwanza, katika habari hii mgunduzi si mmoja. Pasipo mchoro wa binti, nguvu za mvuvi na macho ya mwalimu, mtaalamu asingepata kitu. La pili, wengi wetu huogopa masomo ya sayansi tukidhani yamo ndani ya chupa za maabara tu. Dr. Smith alianza na ndoana. Na wengi katika sisi ni watoto wa wavuvi wa Mikindani na Msimbati, na tangu mwaka 2000 tunayo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Likizo ijayo, kila mmoja achukue daftari, aandike jina la samaki kama wazee wanavyomwita, tarehe, mahali na urefu wake, kisha tulinganishe shuleni. Huenda daftari moja likampeleka mwenzetu Chuo Kikuu kusomea bahari. Wazazi nao tunawaomba, wakiona kitu kigeni wavuni, wasiharakishe kisu.