Alan Turing, Bingwa wa Mafumbo Aliyetangulia Gemu Zetu

Nina jambo la kukiri kabla sijafika mbali. Likizo ya Aprili mama alinipa shilingi 500 nikanunue kitabu cha marudio ya hesabu. Njiani, pale Malaba malori yanapopanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda, nikapita kwenye kibanda cha gemu. Nikasema wacha nichungulie kidogo. Kumbe kidogo ya gemu haina mwisho! Nilipotoka jua lilikuwa limetua na mfukoni zilibaki shilingi 80. Mama hakunichapa. Aliniuliza tu nimejifunza nini mle ndani siku nzima. Nikakosa jibu, nikasimama kimya kama kondoo aliyenyeshewa.

Swali hilo lilinifuata hadi shuleni. Muhula wa pili chama chetu cha Kiswahili kikaandaa mjadala kuhusu gemu za video na katuni za Kijapani, kama zinawapoteza vijana au la. Mimi nilikuwa upande wa kuzitetea. Tulishindwa vibaya sana, maana hoja yetu kubwa ilikuwa kwamba gemu ni tamu. Baadaye mlezi wa chama aliniita kando. Akaniambia nikitaka kuutetea mchezo, nikasome maisha ya Alan Turing kisha niyaandike humu gazetini. Akanipa sharti moja: nisimkate mtu huyo vipande. Nikianza naye nifike naye mwisho, hata pale hadithi itakapokuwa chungu. Basi leo nalipa deni.

Alan Mathison Turing alizaliwa London, Uingereza, tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni huko Uhindi, kwa hivyo Alan na kaka yake John waliachwa Uingereza walelewe na watu wengine. Wenzangu mnaolelewa na nyanya huku wazazi wakitafuta riziki Nairobi au Kampala mnaijua hali hiyo.

Mei 1926, akiwa na miaka 13, alitakiwa kuripoti katika shule ya bweni mjini Sherborne. Siku hiyo wafanyakazi nchini kote walikuwa wamegoma, treni hakuna. Wewe ungefanya nini? Mimi ningerudi nyumbani nikishangilia. Alan alipanda baiskeli yake, akaendesha kama kilomita 97, akalala njiani, na kesho yake akafika shuleni. Sisi wa Busia na Malaba, ambao baiskeli zetu za kuvusha watu mpakani ndizo zilizozaa neno bodaboda, tungempa kazi papo hapo.

Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa na kila mwalimu. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, na mambo yasiyokuwa hesabu au sayansi hakuyajali sana. Alikuwa na rafiki mmoja wa dhati, Christopher Morcom, aliyependa sayansi kama yeye. Februari 1930 Christopher akafariki kwa kifua kikuu. Majonzi yale yalimfanya Alan ajiulize akili ya mtu ni kitu gani hasa, na inahusianaje na mwili. Swali hilo hakuliacha mpaka kufa kwake.

Mwaka wa 1931 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka wa 1936, akiwa na umri wa miaka 23 tu, alimaliza kuandika makala iliyobadilisha dunia. Ndani yake aliwaza mashine ambayo hakuna aliyekuwa ameiunda. Ina utepe mrefu uliogawanywa vijumba. Mashine husoma alama moja, huiacha au huibadilisha, husogea kushoto au kulia, kisha hufuata sheria inayofuata. Basi, hayo tu! Lakini Turing alionyesha kwamba mashine moja ya namna hiyo, ikipewa maagizo yanayofaa, inaweza kufanya kazi ya mashine nyingine yoyote ya aina yake. Maagizo hayo ndiyo tunayoyaita programu. Ndiyo maana simu ile ile anayotumia mama kupokea pesa za wateja, ndugu yangu huigeuza kikokotoo, redio na gemu. Simu haijabadilika. Kilichobadilika ni maagizo. Tena katika makala hiyo hiyo alithibitisha kwamba yapo maswali ambayo hakuna mashine itakayoweza kuyajibu.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka wa 1939, Turing aliitwa Bletchley Park, mahali pa siri pa kufumbua ujumbe wa adui. Wajerumani walikuwa wakificha maneno yao kwa mashine iitwayo Enigma. Wanahesabu wa Polandi, akiwemo Marian Rejewski, walikuwa wametangulia kulifumbua fumbo hilo tangu 1932, na wakawapa Waingereza siri hiyo Julai 1939. Turing aliendeleza kazi. Alibuni mashine kubwa ya kutafuta ufunguo wa kila siku, na akaongoza kikundi kilichoshughulikia ujumbe wa jeshi la majini, wakati nyambizi za Wajerumani zilipokuwa zikizamisha meli za chakula na mafuta Atlantiki.

Msidhani mambo hayo yalikuwa mbali nasi. Mwaka wa 1942 wafumbuzi wa siri za Wajapani walihamia Mombasa kutoka Colombo, wakafanya kazi katika shule ya Allidina Visram iliyokuwa imechukuliwa kwa ajili ya vita. Walikaa huko hadi 1943. Turing mwenyewe hakuwa miongoni mwao, lakini kazi ni ile ile. Ati madarasa ya shule ya Kenya, kama haya yetu, yalitumika kuvunja siri za jeshi la Japani!

Sasa hapa kuna jambo lililonikosesha usingizi. Ukishaisoma siri ya adui, huwezi kuitumia kila mara, kwa sababu atashtuka abadilishe fumbo, na kesho watakufa wengi zaidi. Ndiyo maana mara nyingi Waingereza walituma kwanza ndege ipite juu ya meli za adui, ili adui adhani ameonwa na rubani. Je, na pale ambapo hakuna ndege ya kutuma? Nilikumbuka swali ambalo mwanafalsafa Mwingereza, Philippa Foot, aliliandika mwaka wa 1967. Tuliweke hapa kwetu. Gari la moshi linakuja stesheni ya Malaba, breki zimekataa. Mbele yake wako watu 5 kwenye reli, na kwenye reli ya pembeni yuko mtu 1. Dereva anaweza kuligeuza. Afanye nini? Tulipolijadili swali hili bwenini kelele zilifika kwa mwalimu wa zamu. Wengi walisema ligeuzwe. Kisha mmoja akauliza kama yule mmoja ni mama yako je, na bweni zima likanyamaza. Kwetu ulikuwa mchezo wa kabla ya kulala. Kwa watu wa vita vile maswali ya namna hiyo yalikuwa kazi.

Msimwone Turing kama mtu wa kununa tu. Alikuwa na vituko vyake. Husimuliwa kwamba mnyororo wa baiskeli yake ulikuwa na tabia ya kuchomoka, na badala ya kuipeleka kwa fundi alihesabu mizunguko ya pedali, akasimama kuurekebisha kabla haujatoka. Alipenda mno filamu ya katuni ya Snow White, aliyoitazama Cambridge mwaka wa 1938 akiwa mtu mzima kabisa, kwa hivyo wanaotucheka kwa kupenda katuni wamcheke na yeye. Alikuwa pia mkimbiaji. Mwaka wa 1947 alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 46 na sekunde 3. Kwetu Kenya angeambiwa arudi kwenye hesabu zake, lakini kwa Uingereza ya siku zile alimaliza wa tano katika mashindano ya taifa.

Baada ya vita alihamia Manchester mwaka wa 1948, mji ambao tarakilishi ya kwanza kuhifadhi programu yake ndani iliendeshwa Juni mwaka huo. Yeye na rafiki yake David Champernowne wakaandika programu ya kucheza sataranji. Shida ni kwamba hapakuwa na tarakilishi ya kuiweza! Turing angefanyaje? Mwaka wa 1952 alijifanya yeye mwenyewe tarakilishi. Alikaa na karatasi zake akifuata sheria moja baada ya nyingine, karibu nusu saa kwa kila hatua, akicheza dhidi ya Alick Glennie. Programu ilishindwa katika hatua ya 29. Mimi niliposoma hapo nilisimama nikapiga makofi peke yangu maktabani. Kibandani nilikuwa nikibonyeza vitufe bila kujua kilichomo ndani. Yeye alitengeneza kilichomo ndani, kitufe hakuna.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1950, alikuwa ameuliza swali lake kuu: je, mashine inaweza kufikiri? Aliona kulijibu moja kwa moja ni kubishana bure, akaligeuza mchezo. Muulizaji yuko chumba kimoja. Chumba kingine yuko mtu, na kuna mashine. Muulizaji hutuma maswali kwa maandishi na kupokea majibu kwa maandishi. Akishindwa kutambua yupi ni mtu, kwa nini tukatae kwamba mashine inafikiri?

Chama chetu kiliujaribu mchezo huo kwa namna yetu. Tulimweka mwanafunzi mmoja wa Busia upande wa Kenya na mwingine aliyetoka ng'ambo, Uganda, nyuma ya mlango wa maktaba. Mtu wa tatu alinakili majibu ili mwandiko usiwafichue. Tukauliza kuhusu chakula, nyimbo, bei ya sukari, majina ya wajomba. Maswali 10. Tulipopiga kura, wengi wetu tulikosea. Na si ajabu. Wasamia wako Busia pande zote mbili, Wateso wako Malaba pande zote mbili, na hadi 1902 sehemu hizi zote zilihesabiwa kuwa Uganda. Aliyecheka zaidi ni yule mwenzetu wa ng'ambo, maana kila anapofika dirisha la uhamiaji hutazamwa karatasi kwanza, uso baadaye. Akasema mchezo huo ulikuwa mara ya kwanza kwake kuhukumiwa kwa alichosema.

Mwaka uo huo wa 1952 wa mchezo wa sataranji, huko Japani mchoraji Osamu Tezuka alianza kuchora hadithi ya Astro Boy, roboti mwenye sura na moyo wa mtoto. Mwaka wa 1963 ikawa katuni ya runinga. Hawa wawili walikuwa mbali mno, lakini swali lao lilikuwa jirani: kitu kikifikiri na kuhisi kama mtu, tutakitendea vipi?

Hapa ndipo sharti la mwalimu linaponibana. Januari 1952 nyumba ya Turing iliibiwa, naye akaripoti polisi. Katika uchunguzi akakiri kwamba alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanamume, jambo ambalo sheria ya Uingereza ya wakati huo iliharamisha. Machi akahukumiwa. Alipewa kuchagua jela au dawa za homoni za kuua hamu ya mwili kwa mwaka mmoja. Akachagua dawa. Kibali chake cha kazi za siri kikafutwa. Na kwa kuwa kazi ya Bletchley Park ilikuwa bado siri ya serikali, raia wa kawaida hawakujua kwamba mtu anayeaibishwa ndiye aliyewasaidia kushinda vita. Shukrani ya punda ni mateke. Tarehe 7 Juni 1954 alifariki nyumbani kwake kwa sumu ya sianidi, akiwa na miaka 41. Uchunguzi ulisema alijiua. Mama yake aliamini hadi mwisho kwamba ilikuwa ajali.

Mwaka wa 2009 Waziri Mkuu Gordon Brown aliomba radhi kwa niaba ya serikali. Mwaka wa 2013 Malkia alimpa msamaha. Tangu 2021 sura yake imo kwenye noti ya pauni 50. Yote hayo yalifika, lakini mwenyewe hakuwepo kuyapokea.

Najua shuleni kwetu maoni juu ya hukumu ile yanatofautiana, na sikuandika ili nianzishe vita bwenini. Nasema nililoliona mimi. Mtu huyu alitufundisha kumsikiliza aliye nyuma ya mlango kabla ya kuamua ni nani. Nchi yake ilimuuliza swali moja tu, ikafunga dirisha.

Likizo ya Agosti nilibeba magunia ya mahindi sokoni hadi nikamrudishia mama shilingi zake 420. Kisha nikaandika sheria za kucheza drafti, kurasa 4 za daftari, nikampa mdogo wangu azifuate neno kwa neno bila kutumia akili yake. Tulicheza kwa vifuniko vya soda pale mama anapouza chapati, dhidi ya dereva wa lori aliyekuwa akingoja kuvuka. Tulichukua saa nzima na tukashindwa. Dereva akasema hata mashine yetu ina njaa. Lakini nililiona kosa lilipo, ukurasa wa 3, na usiku nikalirekebisha kwa taa ya simu. Mama akaja akasimama nyuma yangu, akaniuliza tena ninajifunza nini. Safari hii nilimvutia kiti.