Lewis Carroll: Mwalimu wa Hesabu Aliyefunza Walimwengu Kubadili Herufi kwa Hatua Chache

Utangulizi

Jioni inapoingia katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Buruburu, Umoja na Kayole, mpita njia hakosi kuwaona wazee na vijana wameuinamia ubao wa dama, mchezo ambao wenyeji huuita drafti, wakisukuma vifuniko vya soda badala ya kete. Anayesifiwa pale si yule anayeshinda tu, bali ni yule anayeshinda kwa hatua chache. Siku hizi, kando ya ubao huo, aghalabu hakosekani kijana aliyeiinamia simu yake akihamisha herufi za chemshabongo ya siku. Mmojawapo wa michezo hiyo, uitwao Waffle, ulianza mwaka wa 2022. Humpa mchezaji nafasi 15 za kubadilishana herufi, ilhali kila fumbo lake linaweza kukamilishwa kwa nafasi 10. Hivyo basi, fahari ya mchezaji haimo katika kufika bali katika kubakiza.

Wengi wanaoicheza michezo ya jinsi hii hawamjui mmoja wa waasisi wake wakuu, ingawa huenda walisoma hadithi yake wakiwa wadogo. Makala haya yanadhamiria kuyasimulia maisha ya Charles Lutwidge Dodgson, anayefahamika zaidi kwa jina Lewis Carroll, hasa kwa kuuangazia mchezo wake wa kubadili herufi, na kuonyesha mchezo huo unaweza kukifaidi vipi Kiswahili na wasemaji wake.

Kuzaliwa na malezi

Dodgson alizaliwa tarehe 27 Januari 1832 katika kijiji cha Daresbury, jimbo la Cheshire, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Kianglikana. Katika nyumba hiyo walizaliwa watoto kumi na mmoja, wasichana saba na wavulana wanne, naye alikuwa wa tatu na kifungua mimba wa kiume. Mwaka wa 1843 familia ilihamia Croft, kaskazini mwa nchi hiyo. Mvulana huyo ndiye aliyewatungia nduguze michezo na kuwaandikia majarida ya nyumbani kwa mkono wake. Kwa hiyo, tabia ya kutunga mafumbo ili kuwaliwaza wengine ilianza mapema, katika nyumba iliyojaa watoto na isiyokuwa na burudani nyingi za kununua.

Alikuwa na kigugumizi kilichomwandama maisha yake yote, na sikio lake moja halikusikia vizuri. Kati ya 1846 na 1849 alisoma katika shule ya Rugby, ambako hakuona raha. Mnamo Januari 1851 aliingia Chuo cha Christ Church, Oxford. Siku mbili tu baada ya kuwasili, alipata habari za kifo cha mama yake. Hata hivyo alijikaza kisabuni, akafuzu hesabu kwa daraja la kwanza mwaka wa 1854. Mwaka uliofuata aliteuliwa kuwa mhadhiri wa hesabu, kazi aliyoifanya hadi 1881. Aliishi chuoni humo hadi mwisho wa uhai wake, asioe. Mwaka wa 1861 alitawazwa kuwa shemasi, lakini hakuendelea hadi daraja la ukasisi kamili.

Jina lililotokana na mageuzi ya maneno

Ni jambo la kuvutia kwamba hata jina la mwandishi huyu ni zao la mchezo wa maneno. Mwaka wa 1856, Edmund Yates, mhariri wa jarida la The Train, alimtaka ajipatie jina la kiuandishi. Dodgson alimpelekea majina kadhaa. Mawili kati yake, Edgar Cuthwellis na Edgar U. C. Westhill, yaliundwa kwa kuzipangua na kuzipanga upya herufi zote za Charles Lutwidge, bila kuongeza wala kupunguza hata moja. Jina lililoteuliwa lilifuata njia nyingine. Charles na Lutwidge yaligeuzwa kwa Kilatini yakawa Carolus na Ludovicus, yakapinduliwa mpangilio, kisha yakarejeshwa kwa Kiingereza yakawa Lewis Carroll.

Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa sana na kupinduliwa huko. Askofu Edward Steere, katika maandishi yake kuhusu Kiswahili cha Unguja yaliyochapishwa mwaka wa 1870, aliweka mifano ya kinyume, yaani usemi wa kificho ambapo silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa mwanzoni. Katika Sheng ya Eastlands mbinu hiyo ingali hai: neno stori likipinduliwa huwa risto. Maadamu mbinu hii ilikuwako Unguja kabla ya mchezo wa Carroll kubuniwa, haitakuwa haki kudai kwamba kucheza na maumbo ya maneno ni jambo tuliloletewa na wageni.

Kitabu kilichomletea sifa

Tarehe 4 Julai 1862, Dodgson na rafiki yake Robinson Duckworth waliwapeleka mabinti watatu wa mkuu wa chuo, Bwana Liddell, matembezini kwa mashua katika mto wa Oxford. Njiani aliwasimulia kisa cha msichana aliyetumbukia shimoni akifuata sungura. Alice, mmoja wa mabinti hao, alimwomba akiandike. Kitabu kilitoka mwaka wa 1865 kikiwa na michoro ya John Tenniel, na mwendelezo wake ukatoka mwishoni mwa 1871. Wasomaji wa Kiswahili walikipata mwaka wa 1940 kwa anwani Elisi katika Nchi ya Ajabu, na mwaka wa 2015 ikatokea tafsiri mpya ya Ida Hadjuvayanis.

Si vyema, hata hivyo, kuyasimulia maisha ya mtu kwa kumpaka mafuta tu. Urafiki wake na familia ya Liddell uliingia doa Juni 1863, na ukurasa wa shajara yake unaohusu siku hizo ulikatwa, kwa hivyo sababu hasa haijulikani. Isitoshe, mazoea yake ya kuwapiga watoto picha, kazi aliyoifanya hadi 1880, yamezua maswali mazito miongoni mwa wahakiki wa baadaye. Sifa za kazi zake hazifuti maswali hayo, wala maswali hayo hayaondoi ukweli kwamba kazi zenyewe zipo.

Krismasi ya 1877

Siku ya Krismasi mwaka wa 1877, wasichana wawili wa ukoo wa Arnold walimlalamikia kuwa hawana la kufanya. Dodgson aliwabunia mchezo. Mchezaji hupewa maneno mawili yenye idadi sawa ya herufi. Hulibadili neno la kwanza herufi moja moja, kila hatua ikizaa neno halisi, hadi alifikie la pili. Maneno mawili ya mwanzo na mwisho aliyaita jozi, yaliyo kati akayaita viungo, na jumla yake mnyororo. Kuanzia Machi 1879 jarida la Vanity Fair la London lilichapisha mafumbo hayo kwa mashindano, na mwaka huohuo kampuni ya Macmillan ikayatoa katika kijitabu kiitwacho Doublets. Kadiri viungo vilivyopungua ndivyo alama zilivyoongezeka.

Kanuni hiyo ya uchache haikuwa mzaha kwake. Mwaka wa 1866 alikuwa amewasilisha kwa Jumuiya ya Kifalme ya London njia ya kukokotoa ditaminanti kwa kuzifinya hatua kwa hatua hadi ibaki namba moja. Aidha, mwaka uleule wa 1879 alitoa kitabu cha kumtetea Euclid dhidi ya waandishi wapya wa jiometria. Mtu aliyewafunza wanafunzi kufika kwenye jibu bila kurukia hatua na bila kuongeza hatua isiyohitajika ndiye aliyewafunza watoto jambo lilelile kwa maneno ya kawaida.

Hatua chache kwa Kiswahili

Je, mchezo huu unakubali Kiswahili? Tuchukue jozi ya duka na soko. Mnyororo wake ni huu: duka – suka – soka – soko. Herufi zinazotofautiana katika jozi ni tatu, na hatua ni tatu. Hapana awezaye kupunguza zaidi. Hii ndiyo kanuni ya kwanza: hesabu nafasi zinazotofautiana, kwani idadi hiyo ndiyo sakafu ya mchezo.

Tuje sasa kwa jozi ngumu zaidi, sumu na dawa. Mchezaji mwenye haraka anaweza kwenda hivi: sumu – humu – hamu – hama – hawa – dawa. Amefika kwa hatua tano, ilhali nafasi zinazotofautiana ni nne. Hasara imetoka wapi? Imetoka kwenye herufi h, ambayo haimo katika sumu wala katika dawa. Aliilipia kuingia, akailipia tena kutoka. Akianza kwa d, ambayo anaihitaji mwishoni, atapata mnyororo huu: sumu – dumu – damu – dama – dawa. Hatua ni nne kamili. Kanuni ya pili, basi, ni kwamba usiikaribishe herufi ya mgeni kama wenyeji wanatosha.

Mara nyingine hawatoshi. Dada huwa kaka kwa hatua mbili, kupitia daka. Lakini baba hawezi kuwa mama kwa hatua mbili, kwani hakuna neno bama wala maba. Inatulazimu tupitie kwa mgeni: baba – kaba – kama – mama. Kanuni ya tatu ni kuanzia pande zote mbili, kuorodhesha majirani wa kila neno, na kutazama wapi orodha hizo zinakutana.

Michezo ya kisasa ya kubadilishana nafasi ina hesabu tofauti kidogo. Kura huwa ruka kwa badiliko moja, kwa kuwa k na r zimekaliana viti. Lakini tukipewa lamaku na kutakiwa kupata kalamu, herufi tatu, l, m na k, zimezungukana: kila moja imekalia nafasi ya mwenzake. Mzunguko wa herufi tatu huhitaji mabadiliko mawili: kwanza kamalu, kisha kalamu. Mchezaji stadi huitafuta kwanza mizunguko, ndipo aguse herufi.

Nani anayeamua kuwa hili ni neno?

Dodgson alitambua mapema kwamba mchezo wake ungevurugika iwapo kila mtu angejiamulia neno lipi ni neno. Ndiyo maana aliambatisha kwenye kijitabu chake faharasa ya maneno yanayoruhusiwa. Hapa ndipo mchezo unapotugusa sisi wanafunzi wa Kiswahili. Tukiucheza, tutalazimika kujibu maswali ambayo kwa kawaida huyaachia wanaisimu. Je, kiti kugeuka viti ni hatua halali, au ni ujanja wa ngeli? Je, ch ni herufi mbili au sauti moja? Kaka akiwa chaka, tumebadili sauti moja, ama tumelirefusha neno? Je, siko, ambalo kwa hakika ni sentensi nzima, likubaliwe kuwa kiungo kati ya soko na jiko, au tupitie joko, tanuri la kuchomea vyungu, neno ambalo vijana wengi wa Eastlands hawalijui?

Kwa maoni yangu, faida kubwa imo katika swali hili la mwisho. Anayelitafuta joko kwa ajili ya ushindi hulipata katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na akishalipata halimtoki. Vivyo hivyo kuhusu risto na maneno mengine ya Sheng: wachezaji wakubaliane mapema kama watatumia kamusi au lugha ya mtaa, kisha waheshimu makubaliano yao. Kinachoharibu mchezo si Sheng, bali ni kubadilisha mwamuzi katikati.

Miaka ya mwisho

Baba yake alipofariki mwaka wa 1868, Dodgson alikuwa mhimili wa familia, akawapangia dada zake nyumba mjini Guildford. Aliendelea kuandika bila kuchoka. Katika daftari la barua alilolianzisha mwaka wa 1861 aliorodhesha barua 98,721, zilizotumwa na zilizopokewa. Mwaka wa 1893 alitoa mkusanyiko wa maswali ya hesabu ya kukokotolewa kichwani usiku usingizi unapokataa, na mwaka wa 1896 akatoa sehemu ya kwanza ya kitabu cha mantiki. Mafua yaliyogeuka kuwa nimonia yalimwandama akiwa kwa dada zake Guildford. Aliaga dunia tarehe 14 Januari 1898, majuma mawili kabla ya kutimiza miaka 66, akazikwa mjini humo.

Hitimisho

Maisha ya Lewis Carroll yanatuonyesha kwamba mzaha na elimu si maadui. Mtu ambaye ulimi wake ulimkwaza aliyageuza maneno kuwa uwanja ambao kila hatua ilipangwa. Mchezo wake hauhitaji fedha wala stima: karatasi, kalamu na kamusi moja hutosha kikundi kizima, iwe darasani, iwe katika maktaba za Kaloleni na Makadara, iwe kando ya ubao wa drafti. Chama chetu kingefanya vyema kuweka jozi moja katika kila toleo na kumtaja aliyeifumbua kwa hatua chache zaidi. Wa kuanzia na aanze na jozi hii: njaa na njia. Ina hatua moja tu.